Kabla ya Kulipia Chumba Kisumu, Pima Mtaa Kwanza

Likizo za shule zinapokaribia, familia nyingi za Migori na Homa Bay hupanga kwenda Kisumu. Wengine hupeleka watoto kuona ziwa kwa upande wa jiji, wengine hutafuta sare na viatu vya muhula mpya, na wengine huunganisha matembezi na kliniki ya mzee wa nyumbani. Swali la kwanza huwa lile lile: chumba ni pesa ngapi? Somo hili linaonyesha kwa nini swali hilo linafaa kuwa la mwisho, na jinsi familia inavyoweza kuchagua mtaa wa kulala bila kupoteza pesa, muda wala amani.

Lengo la somo

Msomaji akimaliza somo hili ataweza kutaja sababu kuu ya safari yake, kulinganisha mitaa mitano ya Kisumu kwa sababu hiyo, kufanya hesabu kamili ya malazi pamoja na nauli, na kuuliza maswali yanayofaa kabla ya kutuma pesa.

Hatua ya kwanza: Sababu ya safari na mtu anayechoka mapema

Familia haisafiri kwa mwendo wa mtu mwenye nguvu zaidi. Husafiri kwa mwendo wa mtoto wa miaka minne, wa mama mjamzito, au wa nyanya mwenye magoti mabovu. Mtu huyo ndiye anayefaa kuamua mtaa. Kijana anaweza kulala mbali na kupanda matatu tatu kwa siku akicheka. Nyanya akipandishwa ngazi hadi orofa ya nne, siku yake ya pili huishia kitandani.

Kwa hiyo familia iandike mambo mawili kwenye karatasi: mahali ambapo ni lazima ifike, na jina la mtu atakayechoka kwanza. Mtaa mzuri ni ule unaompunguzia mtu huyo safari ya kufika mahali pale.

Hatua ya pili: Mlango wa kuingilia mji

Wasafiri wa Migori, Awendo na Rongo hupitia Kisii, Oyugis, Sondu na Ahero. Wa mji wa Homa Bay hupitia Kendu Bay na Katito, kisha nao hutokea Ahero. Wote hawa huingia Kisumu kupitia Nyamasaria, kwenye barabara ya Nairobi. Lakini msafiri wa Mbita anayevuka kwa feri hadi Luanda K'Otieno huingia kupitia Kisian, upande wa uwanja wa ndege. Milango hii miwili iko pande tofauti za mji. Familia inayofika jioni na mizigo ifahamu mapema ni kiasi gani cha mji itakachovuka kabla ya kufika kitandani.

Wakati wa mvua ndefu, uwanda wa Kano hufurika na safari ya Ahero inaweza kuchelewa. Msimu huo ni busara kuondoka nyumbani asubuhi, ili hata ikichelewa familia ifike kabla ya giza.

Hatua ya tatu: Mitaa mitano na tabia zake

Hakuna mtaa mbaya kwa kila mtu. Kuna mtaa usiolingana na shughuli ya familia.

Katikati ya mji. Hapa ni barabara ya Oginga Odinga na mitaa inayoizunguka, karibu na maduka, benki na magari ya kila upande. Panafaa familia ya usiku mmoja, au iliyokuja kununua vitu. Ubaya wake ni kelele. Muziki wa baa unaweza kuendelea hadi usiku wa manane, na watoto hawana mahali pa kucheza.

Milimani. Mtaa huu uko kati ya mji na ziwa, una miti mikubwa na utulivu. Upande huu ndiko iliko Hifadhi ya Swala ya Kisumu, inayosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, tangu mwaka 1992, na ndiko pia kwenye njia ya kwenda Hippo Point. Panafaa familia iliyokuja kwa ajili ya watoto. Vyumba mara nyingi huwa ghali zaidi, na vibanda vya chakula cha bei nafuu ni vichache.

Dunga. Huu ni ufuo wa wavuvi kusini mwa Milimani, wenye samaki, mashua za kukodi na daraja la mbao linalopita juu ya mafunjo. Mchana panapendeza sana. Usiku magari hupungua na mbu huongezeka.

Kondele, Migosi na Manyatta. Mitaa hii imechangamka, chakula ni cha bei nafuu na matatu hazikosekani. Iko karibu na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wengi bado huiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti. Inafaa familia yenye mgonjwa. Kondele ni makutano makubwa ya barabara, na siku za maandamano ya kitaifa yamewahi kufungwa. Msafiri asikilize habari kabla ya kuondoka.

Mamboleo na Riat. Ni upande wa barabara ya Kakamega. Mamboleo ina uwanja wa Jomo Kenyatta, na Riat iko juu kwenye vilima vyenye upepo na mandhari ya ziwa. Nyumba za kukodisha kwa usiku zinaweza kuwa pana na za bei nzuri. Gharama yake hujificha kwenye nauli, kwa sababu ziwa na katikati ya mji viko mbali.

Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980 na yenye boma la Kiluo la kuigwa, nyoka na mamba, yako kando ya barabara ya Nairobi. Familia inayotoka Ahero hupita karibu nayo kabla ya kufika mjini. Wapo wanaoyatembelea siku ya kuwasili au ya kurudi badala ya kutenga siku nzima.

Hatua ya nne: Hesabu kamili

Chukua mfano wa familia ya watu sita kutoka Awendo: baba, mama, nyanya na watoto watatu. Wanakaa usiku mbili. Siku ya pili nyanya ana kliniki Russia, na mama anaandamana naye. Baadaye familia nzima inakwenda kuona wanyama kando ya ziwa. Tuktuk moja hubeba abiria watatu nyuma, kwa hiyo familia nzima huhitaji mbili. Bei zinazofuata ni za kufundishia hesabu tu, na kila msafiri aweke bei za siku yake.

Nyumba ya Mamboleo ni shilingi 3,000 kwa usiku, yaani 6,000 kwa usiku mbili. Kutoka steji hadi nyumbani ni tuktuk mbili za shilingi 400, jumla 800. Kliniki kwenda na kurudi ni 400, kwa sababu hospitali iko karibu na wawili hutosha tuktuk moja. Ziwani kwenda na kurudi, tuktuk mbili za shilingi 500, ni 2,000. Kurudi steji ni 800. Nauli yote ni 4,000, na jumla ni shilingi 10,000.

Chumba cha Milimani ni shilingi 4,200 kwa usiku, yaani 8,400. Kutoka steji ni 400. Kliniki kwenda na kurudi ni 600. Ziwani kwenda na kurudi ni 800. Kurudi steji ni 400. Nauli yote ni 2,200, na jumla ni shilingi 10,600.

Kwa bei ya kitanda, Mamboleo ilikuwa nafuu kwa shilingi 2,400. Nauli ilipoongezwa, tofauti ilibaki shilingi 600. Sasa tuseme mtoto mdogo anachoka saa saba mchana na familia inarudi kupumzika, kisha inakwenda tena ziwani jioni. Safari hiyo ya ziada huongeza 2,000 kwa Mamboleo na 800 kwa Milimani. Mamboleo inafika 12,000 na Milimani 11,400. Chumba kilichoonekana ghali ndicho kilichookoa pesa.

Lakini hesabu hii si sheria. Kama nyanya angekuwa na kliniki siku tatu mfululizo, na ziwa ni jambo la kupita tu, basi chumba Migosi kingeshinda vyote viwili. Sababu ya safari ikibadilika, mtaa nao hubadilika.

Hatua ya tano: Kulala kwa ndugu

Familia nyingi zina ndugu Manyatta, Nyalenda au Nyamasaria, na mlango wa ndugu haufungwi. Hata hivyo, chumba kimoja chenye watu watano kikipokea sita zaidi, mwenyeji na mgeni wote hawalali. Ni vyema mgeni aulize mapema bila kumwaibisha mwenyeji: "Dada, tukilala pahali pengine halafu tukaja kula nawe chakula cha jioni, haitakuwa vibaya?" Swali la namna hii humwachia mwenyeji nafasi ya kusema ukweli.

Kuna pia jambo la mila. Kwa wazee wengi wa Kiluo, mama mkwe halali katika nyumba ya mkwewe. Familia ikimpeleka nyanya Kisumu na kupanga alale kwa binti aliyeolewa, inaweza kumweka katika mashaka ambayo kwa heshima hatayataja. Aulizwe yeye mwenyewe kabla ya safari. Mara nyingi chumba kidogo karibu na nyumba ya binti humaliza jambo hilo kwa amani.

Hatua ya sita: Mtaa wa usiku na maji ya ziwa

Mtaa una sura mbili, ya mchana na ya usiku. Kabla ya kulipa, mzazi apige simu na kuuliza: Chumba kiko orofa ya ngapi? Maji yanatoka mfululizo au kwa zamu? Kila kitanda kina chandarua? Kuna mlinzi langoni usiku? Karibu kuna baa au mahali pa kesha? Saa mbili usiku gari hupatikana umbali gani kutoka langoni? Hospitali ya karibu inayofunguliwa usiku ni ipi?

Suala la chandarua si dogo. Kisumu, kama Migori na Homa Bay, iko katika ukanda wa ziwa ambako malaria ipo mwaka mzima. Kama chumba hakina, familia ibebe chake. Watoto wasioge wala kucheza kwenye maji ya ufuo kwa sababu ya kichocho. Jioni wasikaribie kingo za Hippo Point na Dunga, kwa maana viboko hutoka majini kula nyasi. Anayepanda mashua ahakikishe kila mtu, pamoja na mtoto mdogo, amevaa jaketi la kuokoa maisha kabla ya mashua kuondoka.

Hatua ya saba: Kabla ya kutuma pesa

Picha za simu si nyumba. Mzazi amwombe ndugu au rafiki aliye Kisumu apitie mahali hapo na kukiona chumba. Ikiwa hakuna mtu, mwenye nyumba aombwe kupiga simu ya video akitembea kutoka langoni hadi chumbani. Jina linalotokea kwenye M-Pesa lilingane na jina la biashara au la mwenye nyumba. Hoteli na nyumba za wageni zinatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, na mgeni ana haki ya kuuliza kama ipo.

Ni vyema pia kuuliza kama mji una shughuli kubwa wiki hiyo. Kisumu ilipoandaa mkutano wa Africities mwezi Mei 2022, na mji wa Homa Bay ulipoandaa sherehe za kitaifa za Madaraka tarehe 1 Juni 2025, wageni walikuwa wengi kwa wakati mmoja. Wiki kama hizo, anayechelewa kutafuta chumba huchukua kilichobaki, popote kilipo.

Kwa siku ya safari, watu wazima wabebe vitambulisho, na wazazi wabebe nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Ada ya kuingia hifadhi za KWS hulipwa kupitia eCitizen, kwa hiyo anayetegemea noti mfukoni anaweza kukwama langoni. Asiyejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, apige *147# kabla ya kuondoka. Nambari za dharura ni 999 au 112, na 116 ni ya kuripoti mtoto aliye hatarini.

Zoezi la nyumbani

Familia ikae pamoja jioni moja, watoto na wazee wakiwemo, na kujibu maswali haya:

1. Ni mahali gani pawili ambapo ni lazima tufike?
2. Nani atachoka kwanza, na atapumzikia wapi saa saba mchana?
3. Tutaingia mji kwa mlango upi, na saa ngapi?
4. Bei ya vyumba viwili katika mitaa miwili tofauti ni ngapi baada ya kuongeza nauli zote?
5. Mtu akiugua saa sita usiku, tutampeleka wapi na kwa gari gani?

Familia isiyoweza kujibu swali la tano bado haijachagua mtaa, hata kama imeshapata chumba cha bei nzuri.