Dawa Imeshapitishwa. Je, Kazi Imekwisha?

Hebu fikiria hivi. Babu yako amepimwa hospitali, akaambiwa ana kolesteroli nyingi, yaani mafuta kwenye damu. Kaandikiwa kidonge cha kila siku. Kidonge kimepitishwa na serikali, pakiti ni safi na ina tarehe. Wewe unasema, basi, ni salama. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka nilipokuwa chuo kikuu nikakutana na habari ya cerivastatin.

Hii ilikuwa dawa ya jamii ya statini, ambazo huzuia ini lisitengeneze kolesteroli nyingi. Kampuni ya Bayer iliiuza Marekani kwa jina la Baycol, na nchi nyingine kwa jina la Lipobay. Marekani ilipitishwa mwaka 1997. Tarehe 8 Agosti 2001 kampuni ikaiondoa sokoni. Kufikia hapo FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilikuwa na ripoti za vifo 31 nchini humo. Misuli ya wagonjwa ilivunjika, mabaki yake yakaingia kwenye damu na kuharibu figo.

Katika hao 31, watu 12 walikuwa wakimeza pia gemfibrozil, dawa nyingine ya mafuta ya damu. Hiyo hulizuia ini kuiondoa cerivastatin mwilini, kwa hiyo dawa hujaa kupita kiasi. Onyo la kutozichanganya lilishaandikwa kwenye karatasi ya dawa tangu 1999. Lakini nani husoma ile karatasi? Hata baadhi ya madaktari waliendelea kuziandika pamoja!

Utauliza, kwani haikujaribiwa? Ilijaribiwa. Ila piga hesabu: kama madhara humpata mtu 1 kati ya 10,000, na majaribio yana watu 3,000, kuna uwezekano mkubwa usimwone hata mmoja. Tena wanaochaguliwa kwenye majaribio mara nyingi si kama babu, mwenye umri mkubwa na dawa tano kwenye mfuko wa plastiki. Madhara ya nadra huonekana dawa ikishafika mitaani, na huonekana tu kama watu wanaripoti.

Sasa usikimbilie kumwambia babu aache dawa yake. Statini nyingine bado zinatumika, zinazuia kiharusi na shambulio la moyo, na kuvunjika misuli kwa namna ile ni nadra sana. Muulize tu: misuli inauma au imelegea bila sababu? Mkojo umekuwa na rangi ya chai kavu? Kama ndiyo, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Beba dawa zake zote, hata za dukani na za miti shamba.

Kisha mwombe mhudumu ajaze fomu ya madhara ya dawa. Hapa Tanzania ripoti hupokelewa na TMDA. Kituo cha Uppsala, Sweden, kinachoshirikiana na Shirika la Afya Duniani, hukusanya ripoti za nchi nyingi, yetu ikiwemo. Akikwambia hana uhakika kama ni dawa iliyosababisha, mwambie ajaze tu. Fomu ile haidai uhakika, shaka inatosha.