Shata yenye mlio au shata ya kimya? Somo kwa wanaopiga picha katika kambi na mabaraza



Katika toleo hili tunawaletea somo ambalo vijana wa kamati za habari wametuomba mara nyingi. Siku hizi, katika kazi zetu za amani, tunatumia zaidi kamera zisizo na kioo ndani. Ni nyepesi, na picha unaiona kabla hujabonyeza. Lakini kijana akifungua menyu yake anakuta swali: shata ya kimakanika au shata ya kielektroniki? Wengi wanatuuliza iliyo bora ni ipi.

Jibu letu ni hili: kila moja ina kazi yake. Lakini katika kambi na katika baraza, kabla ya kuuliza juu ya kamera, tuulize kwanza juu ya mtu aliye mbele ya kamera.

Lengo la somo

Mwisho wa somo hili, mpiga picha ataweza kueleza tofauti ya shata hizi mbili na kuchagua ile inayofaa. Kiongozi naye, hata kama hajawahi kushika kamera, atajua maswali ya kumwuliza mpiga picha kabla ya kumruhusu kuanza.

1. Shata ni nini?

Shata ni mlango wa mwanga. Ndani ya kamera kuna kibapa kinachopokea mwanga, tunakiita kihisi. Shata inaamua mwanga uingie kwa muda gani.

Shata ya kimakanika ina mapazia mawili madogo mbele ya kihisi. Katika kamera isiyo na kioo mapazia hukaa wazi ili uone picha kwenye skrini. Ukibonyeza, mlango unafungwa kwanza, kisha pazia la kwanza linafungua, la pili linafuata na kufunga, halafu mlango unafunguka tena. Mwendo huo wote ndio unaotoa ule mlio wa "kacha!"

Shata ya kielektroniki haina pazia linalotembea. Kihisi chenyewe kinasomwa mstari kwa mstari, kuanzia upande mmoja hadi mwingine, kama mtu anavyosoma barua. Kwa sababu hakuna kitu kinachogongana, hakuna mlio.

Kamera nyingi zina pia njia ya katikati: picha inaanzishwa na umeme, na pazia linaimaliza. Mlio unapungua na mtikisiko wa mwanzo unaondoka.

Simu zetu za mkononi nazo hutumia shata ya kielektroniki. Ule mlio unaousikia kwenye simu ni sauti iliyorekodiwa tu.

2. Mambo manne ya kujua

*Kitu kinachokimbia.* Katika kamera nyingi za kawaida, kusoma mistari yote kwa njia ya kielektroniki kunachukua muda kama 1/15 hadi 1/60 ya sekunde. Muda huo ni mrefu kwa kitu chenye mwendo. Mistari ya juu inasomwa kitu kikiwa hapa, na ya chini inasomwa kikiwa kimeshasogea. Pikipiki inayopita inaonekana imelala, na fimbo inayozungushwa inaonekana imepinda. Hata ukiweka kasi ya 1/2000, kasoro hiyo haiondoki, maana usomaji wenyewe ndio unaochelewa. Mapazia ya kimakanika yanapita haraka zaidi, kwa hiyo kasoro haionekani sana.

*Taa za usiku.* Umeme wa kwetu ni wa hertzi 50, na taa nyingi zinazotumia umeme huo, au wa jenereta, humeta mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni, lakini shata ya kielektroniki inaona: picha inatoka na mistari ya giza na mwanga juu ya nyuso za watu. Tumia shata ya kimakanika, au weka kasi ya 1/100 au 1/50, na uwaombe watu watulie kidogo. Baadhi ya taa za LED humeta kwa kasi nyingine kabisa, kwa hiyo piga picha moja ya majaribio kabla watu hawajaingia.

*Flashi.* Katika kamera nyingi flashi haifanyi kazi na shata ya kielektroniki. Ukiona flashi haiwaki, angalia kwanza shata uliyochagua kabla ya kusema imeharibika.

*Uzima wa kamera.* Mapazia yanachakaa. Watengenezaji wengi hutaja picha 100,000 au 200,000 kuwa kipimo cha shata ya kimakanika. Shata ya kielektroniki haichakai hivyo, tena inaweza kufika kasi kubwa sana, hadi 1/32000 katika baadhi ya kamera, wakati ya kimakanika inaishia 1/4000 au 1/8000.

Ni kweli kwamba ufundi unaendelea. Nikon Z9 ya mwaka 2021 haina kabisa shata ya kimakanika, kwa sababu kihisi chake kinasomwa haraka sana. Sony A9 III, iliyotangazwa mwaka 2023, inasoma kihisi chote kwa wakati mmoja, na kasoro ya kupinda inakwisha. Lakini hizo ni kamera za bei kali, na si zile tunazozikuta mikononi mwa kamati zetu.

3. Mambo mawili yaliyotufundisha

La kwanza ni fimbo. Katika sherehe ya upatanisho wa jamii mbili, mwaka 2024, kijana mmoja alicheza ngoma akizungusha fimbo juu ya kichwa. Tulipiga kwa shata ya kielektroniki. Tulipobandika picha ukutani, fimbo ilionekana imepinda kama panga. Siku ya pili yake baadhi ya vijana wa upande wa pili walisema: "Kumbe walikuja kwenye amani na silaha." Maneno yakaanza kutembea kuliko picha yenyewe.

Tulifanya nini? Tulimwita yule mchezaji aje na fimbo yake, tukawaita na waliolalamika. Mbele ya wote tukampiga picha mara mbili, mara ya kwanza kwa shata ya kielektroniki, mara ya pili kwa ya kimakanika. Walipoona fimbo ileile imepinda katika picha moja na imenyooka katika nyingine, walicheka. Lakini sisi hatukucheka sana. Tulijua kwamba kosa la kamera lilikuwa karibu kuwa kosa la watu.

La pili ni zito zaidi. Katika kikao cha kusikilizana, mama mmoja alieleza namna alivyotoka kijijini kwake. Hatukutaka kumkatiza, tukaweka kamera kwenye kimya. Mwanzoni mwa kikao tulikuwa tumeomba ruhusa kwa wote kwa pamoja, na watu waliitikia kwa kichwa. Juma lililofuata mama yule aliiona sura yake kwenye ripoti yetu. Alitujia akasema: "Wana wangu, mulinipiga picha saa ngapi? Sikusikia kitu."

Hatukuwa na jibu zuri. Tulikuwa tumelinda utulivu wa kikao, lakini hatukumlinda yeye. Watu aliowakimbia wangeweza kuijua sura yake na mahali anapoishi. Tulikwenda kwake pamoja na mwakilishi wa akina mama, tukaomba msamaha, tukafuta picha mbele yake na kurudisha nakala zote za ripoti tulizoweza kuzipata. Baada ya vikao viwili alirudi kwenye baraza, akaketi karibu na mlango.

4. Mlio ni taarifa

Kutokana na hayo tumejifunza kwamba mlio wa kamera ni aina ya taarifa. Unamwambia mtu: sasa umepigwa picha. Akisikia anaweza kuinua mkono, kugeuza uso au kusema hapana. Ukiuondoa mlio, umeondoa na nafasi hiyo. Nchini Japani na Korea ya Kusini, simu zinazouzwa huko hutoa mlio wa kupiga picha hata zikiwa kwenye kimya, ili watu wasipigwe picha kwa siri.

Kwetu pia, Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 31, inalinda maisha ya faragha ya kila mtu. Mtu aliyehama hakuiacha haki hiyo kijijini pamoja na nyumba yake.

Lakini hatusemi mlio ni mzuri kila mara. Mtoto aliyekimbia usiku kwa sababu ya risasi anaweza kushtuka kwa mlio wa ghafla. Mzee anayetafuta neno la kusamehe anaweza kulipoteza. Hapo kimya kina kazi yake. Ndiyo maana tunasema: mlio unaweza kuondolewa, ruhusa haiwezi kuondolewa. Kadiri kamera inavyonyamaza, ndivyo mpiga picha anavyopaswa kusema wazi zaidi.

5. Namna ya kuchagua

- *Michezo, ngoma, magari, ugawaji wa misaada:* shata ya kimakanika.
- *Mkutano wa usiku chini ya taa, au unapotumia flashi:* shata ya kimakanika.
- *Picha ya mtu mmoja au familia:* ya kimakanika au ile ya katikati, ili wasikie.
- *Kikao cha mchana chenye machozi au maombolezo:* ya kielektroniki, lakini baada ya kumwuliza kila atakayeonekana, mmoja mmoja. Baada ya kikao mwonyeshe picha yake na umwulize tena.
- *Shahidi, mtoto asiye na wazazi, mtu aliyefanyiwa jeuri ya kingono:* usipige uso, kwa shata yoyote. Piga mikono, viti au mti wa baraza.

Kumbukeni pia kwamba kamera nyingi hukumbuka chaguo la mwisho. Aliyeitumia jana huenda aliiacha kwenye kimya. Kabla ya kuanza, piga picha moja ya ardhi na usikilize.

6. Kwa viongozi

Mgeni akija na kamera, awe mwandishi wa habari, wa shirika au mtoto wetu wenyewe, mwulizeni mambo matatu: Kamera yako inatoa mlio au iko kwenye kimya? Umemwomba nani ruhusa, na kwa lugha gani? Mtu akibadili mawazo kesho, atakupata wapi? Asiyeweza kujibu asubiri kwanza. Kiongozi hawezi kutoa ruhusa badala ya watu wake. Anaweza kufungua mlango wa kuwauliza tu.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Umewahi kupigwa picha bila kujua? Ulijisikiaje ulipoiona?
2. Katika kambi yetu, ni mahali gani ambapo kamera isingie kabisa?
3. Kama mama yule angekuwa dada yako, ungetaka tufanye nini kabla ya kikao?

Zoezi. Kijana mmoja azungushe mpini wa jembe, mwingine ampige picha kwa shata zote mbili. Onyesheni picha hizo kwa wazee wa baraza na mwaulize: ipi inasema kweli? Kisha mwulizeni aliyezungusha mpini kama anakubali picha yake ibaki. Akikataa, ifuteni palepale mbele ya wote.