Kahawa ya Porini ya Kihansi



Ukisimama Ifakara asubuhi isiyo na ukungu, ukatazama magharibi, utaiona Milima ya Udzungwa. Tunaijua milima hii kwa maji yake. Mito mingi inayolisha mashamba ya mpunga katika Bonde la Kilombero inatoka huko. Lakini milima hii ina mali nyingine. Ina mimea isiyoota mahali pengine popote duniani. Mmojawapo ni mbuni wa porini, yaani mti wa kahawa, unaoota katika korongo la Mto Kihansi, upande wa Mlimba. Ni mti mdogo unaokaa kivulini, chini ya miti mikubwa.

Maji yalipopungua

Zamani Mto Kihansi ulianguka kwa kishindo katika korongo hilo. Maporomoko yalirusha manyunyu mchana na usiku. Hata wakati wa kiangazi korongo lilikuwa na unyevu.

Mwaka 2000 kituo cha umeme cha Kihansi kilianza kazi. Kina uwezo wa megawati 180, na taifa linauhitaji umeme huo. Lakini zaidi ya sehemu 9 katika kila sehemu 10 za maji ya mto zilielekezwa kwenye mitambo. Manyunyu yakapungua sana. Ilibidi yawekwe mabomba ya kunyunyizia maji ili kuokoa viumbe vya korongoni.

Chura mdogo wa Kihansi, aliyegunduliwa mwaka 1996, alitoweka. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba hayupo tena porini. Bahati nzuri, baadhi walikuwa wamepelekwa Marekani kutunzwa, na mwaka 2012 walianza kurudishwa Kihansi.

Na mbuni je? Wataalamu waliupa jina la kitaalamu, Coffea kihansiensis, mwaka 2004. Itazame miaka hiyo vizuri. Maji yalichukuliwa mwaka 2000. Mti ulipata jina miaka minne baadaye. Utapimaje hasara ya kitu ambacho hukijui hata kwa jina? Leo mbuni huu ni miongoni mwa mimea iliyo katika hatari kubwa ya kutoweka.

Huenda ukasema, "Kahawa hiyo hatuinywi. Ya nini kuhangaika?" Wataalamu wa kilimo hutafuta katika mibuni ya porini nguvu ya kustahimili magonjwa na ukame. Mmea ukishapotea, nguvu yake imepotea nao. Hakuna duka la kuinunua.

Jicho hudanganya

Tuchukue mfano. Kijiji kimepima kipande cha msitu, mita 10 kwa mita 10. Wanakijiji wamehesabu mti mmoja adimu. Hesabu hizi ni za mfano tu.

Mwaka wa kwanza: miche 40, miti michanga 15, miti mikubwa 10.
Mwaka wa tatu: miche 6, miti michanga 5, miti mikubwa 10.

Mpita njia ataona miti mikubwa 10 kama zamani. Atasema, "Msitu ni mzima." Lakini daftari linasema jambo jingine. Miche imepungua sana. Ukoo wenye wazee bila watoto unakwenda wapi? Hii ndiyo sababu ya kuhesabu na kuandika.

Namna ya kuhesabu

1. Omba ruhusa kwa serikali ya kijiji, na umshirikishe bwana misitu.
2. Pimeni kipande kwa kamba. Wekeni vigingi penye kona, ili mwakani mrudi palepale.
3. Hesabuni miche, miti michanga na miti mikubwa, kila kundi peke yake.
4. Andikeni tarehe, hesabu, na mliyoyaona: moto, mifugo, ukataji au ukame.
5. Rudini kila mwaka, mwezi uleule.
6. Msing'oe miche kupeleka nyumbani. Mnaweza kuumaliza mti mnaotaka kuulinda.

Hesabu ikishuka, msingoje. Itisheni mkutano, mtafute sababu. Kama ni moto, chimbeni njia ya moto. Kama ni mifugo, wekeni mipaka.

Usidhani kazi hii ni ya wageni wenye shahada tu. Mwaka 2025 ulitangazwa mti mpya kwa sayansi, Tessmannia princeps, unaofikia urefu wa mita 40. Umepatikana katika Milima hiyohiyo ya Udzungwa, katika misitu ya hifadhi ya vijiji, Boma la Mzinga na Uluti. Wenyeji wanaoijua mimea walikuwa pamoja na wataalamu walioutambua. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi. Basi mlinzi wa kwanza wa mti kama huo ni mwanakijiji.

Wewe umejifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Kalamu yako inaweza kuokoa mti.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mwaka 2004 ulikuwa umechelewa kwa mbuni wa Kihansi?
2. Katika mfano wetu, miche mingapi ilipungua? Miti michanga je?
3. Taja mti uliokuwa mwingi kijijini kwenu zamani na sasa ni adimu. Nani anajua unapoota?
4. Nani atatunza daftari la msitu kijijini kwenu?