Mnada wa sarafu kwenye intaneti: Muislamu aingie vipi?

Ndugu msomaji, biashara ya sarafu za kale imeshaingia kwenye simu za vijana wetu. Hapa Kilambo, mpakani na Msumbiji, kama ilivyo sehemu nyingi za nchi, bado wapo wanaoamini kuwa rupia moja ya Mjerumani ina thamani ya mamilioni. Imani hiyo ndiyo mtaji wa matapeli. Basi tuliangalie suala hili kwa mizani ya sharia.

Kwanza, mnada wenyewe. Wanachuoni wengi wameuhalalisha, na imepokewa kuwa Mtume (s.a.w.) alinadi vitu vya Answari mmoja na kumuuzia aliyezidisha bei. Kilichokatazwa ni najshi, yaani mtu kupandisha bei hali hana nia ya kununua, ili amhadae mwingine. Kwenye intaneti, muuzaji hufungua akaunti ya pili au humtuma rafiki yake apandishe. Hata eBay, mnada ulioanza mwaka 1995, unakataza jambo hilo. Kinga yake ni kuamua bei yako ya mwisho kabla ya kuingia, kisha usiivuke.

Pili, madini ya sarafu. Katika hadithi ya Ubada bin Swamit (r.a.), dhahabu na fedha zinapobadilishwa ni lazima makabidhiano yawe papo hapo. Mwaka 1986, Baraza la Fiqhi lililo chini ya OIC liliamua kuwa noti zina hukumu za dhahabu na fedha katika riba na zaka. Kwa msingi huo, wanachuoni wengi hawaruhusu kulipa leo kwa sarafu ya dhahabu au ya fedha itakayofika kwa posta baada ya wiki tatu. Njia salama ni kununua ana kwa ana, au kupitia wakala atakayeipokea kwa niaba yako palepale anapolipa. Ama heller ya shaba, ambayo leo haitumiki tena kama pesa, jambo lake ni jepesi, kwani ni bidhaa kama bidhaa nyingine.

Tatu, ijue sarafu kabla ya kuinunua. Rupia 15 ya dhahabu yenye picha ya tembo, iliyopigwa Tabora mwaka 1916, ina uzito wa gramu 7.17 hivi. Zilipigwa kama 16,000 tu, ndiyo maana zinaghushiwa. Rupia moja ya fedha ina gramu 11.66. Heller moja ya kawaida huuzwa dola chache tu, si mamilioni. Kwa hiyo mtake muuzaji picha za pande zote mbili pamoja na uzito. Soma waliyoyasema wanunuzi waliotangulia. Usikubali kulipa nje ya mnada hata ukipunguziwa bei, kwani hapo unapoteza ulinzi wote. Ukikuta ila iliyofichwa, sharia inakupa khiyari ya kurudisha. Basi hakikisha muuzaji naye anakubali kurudishiwa.

Nne, na hili linatuhusu zaidi watu wa pwani. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, kama Ali bin al-Hassan na al-Hassan bin Suleiman, si za kupeleka mnadani kiholela. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa nchini kabla ya mwaka 1863, na kuviuza au kuvitoa nje bila kibali ni kosa. Sarafu chache za Kilwa zilizookotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, zimewashughulisha wanahistoria hadi leo. Lakini sarafu iliyofukuliwa kwa siri hupoteza habari ya mahali ilipolala, na historia ya Waislamu wa pwani hii hupotea nayo.

Kwa hiyo mnunuzi amuulize muuzaji sarafu imetoka wapi. Akikosa jibu la kueleweka, aiache. Aliyeokota ufukweni naye airipoti serikalini kabla dalali hajamfikia.

Wallahu a'lam.