Ulikula, munakulaka: sarufi ya ugomvi mjini Lubumbashi

Tunapochunguza matusi ya kisiasa, mara nyingi tunaanza na msamiati: neno gani ni zito, limetoka lugha gani, nani analitumia. Mimi naona kazi hiyo inachelewa. Katika Kiswahili cha Lubumbashi mtu huwa amekwisha kugeuzwa kabila au chama kabla ya tusi lolote kutamkwa, na mgeuzo huo hufanyika ndani ya kitenzi, kwa viambishi ambavyo hakuna anayeviona kuwa vibaya.

Nitatumia mfano niliousikia katika oditwari, bila kutaja promosyo wala majina. Mwanafunzi mmoja alikuwa amekusanya pesa za kutoa fotokopi za silabusi. Makaratasi yalichelewa. Mwenzake, ambaye walikuwa na kinyongo cha zamani (habari ya uchaguzi wa mkuu wa promosyo), akasimama na kusema: «Ulikula feza ya silabusi.» Yule akakana. Sauti zikapanda, na baada ya majibizano mafupi maneno yakawa: «Munakulaka feza.» Kisha mtu wa tatu, aliyekaa nyuma na ambaye hakuwa na ugomvi na yeyote, akamalizia: «Njo vile beko.»

Sentensi ya kwanza ina kiambishi u-, nafsi ya pili umoja: anayeshitakiwa ni mmoja na anatazamwa usoni. Ina -li-, wakati uliopita: jambo lilitendeka siku fulani. Na feza ina mwenyewe, ni «ya silabusi». Shitaka la namna hiyo linaweza kuwa la uongo, lakini lina jibu. Mtu analeta kaye ya hesabu, analeta risiti, watu wanahesabu.

Sentensi ya pili imebadilisha mambo matatu kwa pumzi moja. U- imekuwa mu-. -Li- imekuwa -na-, na mwishoni imeongezwa -ka, ambayo kwetu hufanya kazi ya hu- ya Kiswahili sanifu: tendo limekuwa desturi. Tena feza imepoteza mwenyewe. Sasa ni feza yoyote, ya wakati wowote. Hakuna kaye inayoweza kujibu «munakulaka».

Hapa inafaa nisimame kidogo kwenye mu-. Tunajua kwamba wingi kwetu hubeba pia heshima. Mzee anaamkiwa «Jambo yenu» hata akiwa peke yake. Lakini kati ya vijana wa rika moja wanaogombana, heshima haipo mezani. Basi mu- inabaki na maana moja tu, kundi. Kundi gani? Msemaji hakusema. Ndiyo nguvu yake: kila msikilizaji analijaza mwenyewe, na katika mji huu jina la familia linatosha kulijaza. Aliyetamka anaweza hata kuapa kwamba hakutaja kabila la mtu, na kisarufi atakuwa anasema kweli.

Sentensi ya tatu haina hata kitenzi cha kutenda. «Beko» inaeleza jinsi watu walivyo. Mshitakiwa bado amesimama pale, lakini anasemwa kwa nafsi ya tatu, kama asiyekuwapo.

Mtu atasema ninaipa silabi uzito usio wake. Namwomba aangalie historia ya jimbo hili. Mwaka 1980 wabunge 13 walimwandikia Mobutu barua ya kumpinga. Étienne Tshisekedi na Gabriel Kyungu wa Kumwanza walikuwa pamoja kati yao, na kutoka kundi hilo kikazaliwa chama cha UDPS mwaka 1982. Mwaka 1991 Tshisekedi na Nguz Karl-i-Bond walikuwa katika umoja mmoja wa upinzani, Union sacrée. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule Nguz akakubali kuwa waziri mkuu wa Mobutu, na wenzake wakaona amewasaliti. Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa ukampa Tshisekedi kiti hicho. Mpaka hapo ugomvi ni wa u-: wewe ulisaliti, wewe ulinyang'anya. Lakini Nguz alikuwa mtu wa Katanga, Tshisekedi mtu wa Kasai, na Kyungu alikuwa sasa gavana wa jimbo lililoitwa wakati ule Shaba, katika chama kimoja na Nguz. Ugomvi wa viongozi ukashuka mitaani ukiwa katika wingi. Likasi mwaka 1992, kisha Kolwezi mwaka 1993, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa kwa mamia ya maelfu, wakalala kwenye stesheni wakingoja treni. Wengi walikuwa wamezaliwa hapa hapa, watoto na wajukuu wa wafanyakazi walioletwa na Union Minière na reli wakati wa Wabelgiji.

Neno la miaka ile linajulikana: bilulu, yaani wadudu. Kwa macho ya sarufi ni hatua iliyofuata «beko». Watu wametolewa katika ngeli ya mu-/ba- na kutiwa katika ki-/bi-, na kitenzi kinawafuata huko: si «banakuya» tena, ni «binakuya». Sidhani kwamba wingi ulisababisha kufukuzwa. Vyama, kazi za migodi na Mobutu mwenyewe vilikuwa na sehemu yao. Ila bila wingi ule, bilulu lisingepata wa kumwangukia.

Na mpaka wa kundi hautoki katika damu. Mwaka 1960 chama cha Balubakat cha Jason Sendwe, cha Waluba wa Katanga, kilikuwa katika Cartel moja na Fedeka, chama cha watu wa Kasai, dhidi ya Conakat ya Tshombe. Miaka 32 baadaye mstari ulipita kati yao.

Kinshasa wana mfano ambao ungemfurahisha mwalimu yeyote wa mofolojia. Waendeshaji wa pikipiki huitwa wewa, neno la Kiluba cha Kasai lenye maana ya «wewe». Nafsi ya pili umoja, ile ya kumwita mtu mmoja mbele yako, imepewa ba- na kuwa jina la kundi: bawewa. Mara nyingi husemwa kwa mzaha. Wakati wa uchaguzi mzaha hupungua.

Narudi kwenye oditwari kwa jambo moja ambalo bado linanisumbua. Siku ile aliyetuliza watu alikuwa msichana mmoja aliyecheka na kusema: «Shiye Bakongomani, njo vile tuko!» Tu- imechukua nafasi ya ba-, wote wakajiona ndani, wakacheka, wakatoka. Hakuna aliyeuliza tena kuhusu feza ya silabusi.