Namna ya Kumpima Msemaji Mgeni Darasani

Muhula huu darasa letu la Kidato cha Nne lilipata wageni wawili waliokuja kusema nasi, na mwalimu wetu wa Kiswahili akatuagiza tuwapime. Kila mmoja alipiga mstari katikati ya karatasi: upande mmoja Usemaji, upande wa pili Ujumbe, kila upande alama 10. Kazi hiyo niliidhani nyepesi.

Mgeni wa kwanza alikuwa kijana mtanashati aliyekuja kutueleza habari za kufanikiwa maishani. Sauti yake ilifika hata jikoni. Alitutazama machoni, alijua mahali pa kunyamaza, akatuchekesha kwa hadithi ya safari yake ya basi. Nilimpa 9 kwa usemaji na, kwa kuwa nilikuwa bado nacheka, 9 kwa ujumbe. Juma lililofuata mwalimu akatutaka tuandike kwa sentensi moja jambo alilotufundisha. Karibu sote tuliandika habari za basi.

Wa pili alikuwa Bwana Afya, mtu wa makamo. Alisoma karatasi yake kwa sauti ya chini, akakohoa, akasimama mbele ya maneno aliyoyaandika ubaoni hata tusiweze kuyasoma. Kisha akatoa mfukoni punje 24 za mahindi, akazipanga mezani mafungu sita. Mafungu niliyaona, maelezo sikuyasikiliza. Nilimpa 3 kwa usemaji, na 4 kwa ujumbe. Usiku bwenini nikamwiga kikohozi chake, wenzangu wakacheka sana.

Haukupita mwezi nikashikwa na homa. Zahanati walinipima damu, wakakuta nina malaria, wakanipa dawa ya mseto: vidonge vinne vinne, mara sita, kwa siku tatu. Usiku wa siku ya pili nilikuwa nimekwisha meza 16. Homa imetoka, naona njaa. Vile 8 nikavifunga katika karatasi viwe akiba. Mwenzangu wa kitanda cha jirani, mtu asiyependa maneno mengi, akafungua daftari lake akanionyesha mafungu sita aliyoyachora. Chini yake alikuwa ameandika maneno ya Bwana Afya: katika kila kidonge mna dawa mbili. Moja ni mkimbiaji; huua vimelea wengi upesi, homa ikaondoka, kisha nayo hutoka mwilini upesi. Ya pili hukaa siku nyingi zaidi, nayo ndiyo imalizayo waliobaki. Mwenye kuacha katikati huwapa waliosalia nafasi ya kuongezeka tena. Mfano mzuri namna hiyo ulisemwa hatua nne tu kutoka masikioni mwangu! Nikakifungua kile kikaratasi, na kesho yake nikameza vinne asubuhi na vinne jioni, pamoja na chakula.

Tangu siku hiyo sijazi alama mgeni akiwa bado mlangoni. Kwanza naandika ujumbe wake kwa sentensi moja. Nikishindwa, najiuliza kosa ni lake au ni langu. Kisha natazama kama aliyoyasema ni kweli, maana vitabu vya Bayolojia vimo maktabani. Tena najiuliza kesho nitafanya nini ambacho jana nisingalifanya. Usemaji naupima mwisho, lakini siudharau. Wenzetu wa viti vya nyuma hawakumsikia Bwana Afya hata kidogo, nao pia huumwa na mbu. Kwa hiyo ile 3 yake sikuibadili.

Kwa ujumbe nilimwomba mwalimu ruhusa nifute 4, niandike 9. Akaniuliza kwa nini isiwe 10. Nikasema hakutueleza mtu afanyeje akitapika vidonge mara baada ya kuvimeza, wala hakutupa nafasi ya maswali. Mwalimu akaniambia basi nimwandikie, nimshukuru, nami nimwulize. Barua imekwenda, jibu halijafika.