Mfupa wa Samaki Katika Karatasi ya Daktari

Mimi ni mwalimu wa kemia, na kila muhula huulizwa swali moja: "Mwalimu, tarakimu yangu ni sahihi, mbona umenikata maksi kwa kuacha kizio?" Leo napenda kulijibu kwa kueleza desturi moja ya madaktari wa Marekani.

Daktari azungukapo wodini asubuhi ana wagonjwa wengi na karatasi ndogo. Damu ya kila mgonjwa huenda imepimwa vitu saba kwa pamoja. Akiandika majina yote, karatasi haitoshi. Kwa hiyo huchora umbo liitwalo mfupa wa samaki, akatia tarakimu peke yake. Ingawa siku hizi hospitali za huko hutumia kompyuta, mchoro huu ungali ukitumika.

Hebu chukua kalamu uchore. Piga mstari wa kulala, uukate kwa mistari miwili ya kusimama. Umepata vyumba vitatu juu na vitatu chini. Kwenye ncha ya kulia tia mistari miwili iliyotanuka kama mkia wa samaki. Katikati ya mkia ndicho chumba cha saba.

Juu, kutoka kushoto, huandikwa sodiamu, kloraidi na nitrojeni ya yurea. Chini huandikwa potasiamu, baikabonati na kreatinini. Mkiani hukaa sukari. Mtu mwenye afya aweza kuandikwa hivi:

Juu: 140, 102, 14
Chini: 4.0, 24, 0.9
Mkiani: 90

Vyumba vinne vya kushoto hueleza chumvi za damu na uchachu wake. Viwili vinavyofuata hueleza kazi ya figo.

Mchoro wa pili ni wa chembe za damu, nao hufanana na herufi X. Kushoto huandikwa chembe nyeupe, kulia chembe za kugandisha damu, zote kwa maelfu katika mikrolita moja. Juu huandikwa himoglobini, na chini hematokriti, yaani sehemu ya damu, kwa asilimia, iliyojaa chembe nyekundu. Mfano: kushoto 7, juu 14, chini 42, kulia 250.

Sasa angalieni. Katika namba 527, tarakimu 5 ni mia tano kwa sababu ya mahali ilipokaa. Hapa pia mahali ndipo palipobeba jina. Ile 7 iliyo kushoto mwa X ni dalili njema. Lakini 7 hiyo hiyo katika chumba cha potasiamu ni hatari kubwa, kwani moyo waweza kusimama. Tarakimu ni moja, habari ni mbili.

Mahali huonyesha jina, lakini hapaonyeshi kizio. Wamarekani hupima sukari kwa miligramu katika desilita. Hospitali nyingi za Afrika Mashariki huipima kwa milimoli katika lita. Milimoli 5 katika lita ni sawa na miligramu 90 katika desilita, maana tunazidisha kwa 18. Basi daktari wa hapa akiandika 5 mkiani, anasema mgonjwa ni mzima. Daktari wa Marekani akiisoma 5 hiyo kwa kizio cha kwao, ataona mtu aliye karibu kufa kwa kukosa sukari, naye atakimbilia kumtia sukari mishipani. Hakuna aliyekosea hesabu. Kilichokosekana ni mapatano.

Ndiyo maana nawakata maksi. Ufupisho ni mzuri kwa watu waliokwisha kupatana. Kwa mgeni ni fumbo, na mbele ya mgonjwa fumbo laweza kuua. Mtu asiyejua kama msomaji wake anayafahamu mapatano hayo, na aandike kwa ukamilifu.

Zoezi
1. Sukari ni milimoli 7 katika lita. Je, ni miligramu ngapi katika desilita?
2. Kwa kawaida tarakimu ya hematokriti hukaribia mara tatu ya himoglobini. Karatasi moja ina 36 juu ya X na 12 chini. Je, mwandishi amefanya nini?

Majibu mleteeni mwalimu wenu, pamoja na vizio.